Mpaka wa Maji Mawili

Mwalimu wetu wa fizikia hakuweza kuupita ukuta uliolowa bila kusimama. Ukuta wa madrasa, ukuta wa choo cha shule, ukuta wa nyumba ya mtu asiyemjua: ilimradi unyevu ulikuwa ukipanda kutoka chini, yeye aliinama, miwani mkononi, akautazama ule mstari unaotenganisha palipolowa na palipokauka. Watu wa kijiji chetu, upande wa Msambweni, walikwisha kumzoea. "Mwalimu anasoma gazeti," walisema, na kina mama waliokuwa wakipaa samaki barazani walisogeza miguu yao ili asome vizuri. Aliponyanyuka aliwaamkia mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza awaone, akawaomba radhi kwa kuwasumbua, akaenda zake.

Nitamwita Mwalimu tu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu. Alikuwa mtu wa bara na mzee wa kanisa dogo la mabati kule Ukunda. Kuhusu kwao na ukoo wake sina la kusema. Hakupenda kuyazungumza, nasi tulilelewa kuamini kwamba mgeni haulizwi mara mbili atokako. Nimejaribu kuandika habari zake mara nyingi, na kila mara kalamu imenirudisha nyuma kwa haya. Si haya ya jambo nililolifanya mimi. Ni ile haya ya kuwamo ndani ya nyumba wakati watu wawili unaowaheshimu wanafichana kitu, na wewe unakijua.

Darasani alikuwa na sauti ya kuvuka uwanja wa mpira. Aliyechelewa alibaki nje ya dirisha na kusomea huko huko, jua likimchoma kisogo, na hapana aliyethubutu kumtetea. Alikuwa na maneno yake ya kutuchoma ambayo baadaye tuliyarudia kwa mapenzi. Siku moja alinigeukia mimi:

"Wewe, Saumu, umelala au unafikiri?"

"Nafikiri, Mwalimu."

"Mungu akujalie siku moja uso wako uonyeshe tofauti."

Nje ya lango la shule ukali huo ulimtoka mzima mzima. Hakuweza kumkatalia mtu chochote. Muuza pweza mmoja alikuwa akipita kwake kila alipopata mawindo, na Mwalimu, ambaye hakuweza hata kumtazama pweza sahanini, alimnunua kila mara kwa kuwa hakujua namna ya kusema sitaki. Paka wa mtaa mzima walinenepa. Mkewe, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alimwambia mbele yetu, "Baba, wewe ungekuwa mlango ungemfungukia hata mwizi." Naye akajibu kwa unyonge, "Mwizi wa huku naye hupiga hodi, mama. Nitamkataliaje?" Tulicheka sana siku ile. Mtu huyo huyo aliyewanyamazisha wanafunzi hamsini kwa kunyanyua nyusi alikuwa akishindwa na mchuuzi mwenye pweza mmoja.

Somo alilolipenda kuliko yote halikuwamo katika mtihani. Alibandua vioo viwili vya dirisha la ofisi ya walimu, akavilaza kimoja juu ya kingine, akaweka vipande vya njiti za kibiriti pembeni ili ubaki mwanya mwembamba kati yao. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba mvua inamlowesha mezani. Mwalimu akamwomba radhi na vioo asivirudishe. Kisha akanituma nyumbani nikamwombe Mama shira nzito, ile ya kutilia kaimati.

"Anafuturisha shule nzima?" Mama aliuliza, huku akiitia chomboni.

"Anataka kuimwaga kati ya vioo, Mama."

"Basi ningeipunguza iliki."

Tulizunguka meza. Mwalimu alikwisha kuijaza shira katika ule mwanya, ikakaa kimya na kung'aa kama kaharabu. Akachukua bomba la sindano lenye maji aliyoyatia wino wa buluu, akayasukuma taratibu kutoka ukingoni. Sote tulitarajia yaenee kama doa, mviringo mzuri unaopanuka. Hayakuenea hivyo. Yalitoa kidole, kisha kidole kingine, kila kidole kikapasuka ncha na kuzaa vidole vyake, mpaka ukawa mti wa buluu ndani ya asali.

"Kama mizizi ya mkoko!" alipiga kelele mwenzetu mmoja kutoka Gazi.

"Andika hivyo kwenye mtihani watakunyima alama," Mwalimu alisema, "lakini mimi nitajua kuwa umeona." Kisha akatueleza, na sijapata kusikia tangu hapo, hata chuo kikuu, maelezo yaliyo wazi kuliko yale. Kitu chepesi kinapokisukuma kizito mahali penye upenyo mwembamba, mpaka baina yao hauwezi kwenda sawasawa. Palipotangulia kidogo tu, njia imekuwa nyepesi zaidi, basi hapo hutangulia zaidi; na kwa kuwa pametangulia zaidi, njia imekuwa nyepesi kuliko hapo kwanza. "Kosa dogo la mpaka hujilisha lenyewe," alisema. Akageuza jaribio, akaisukuma shira ndani ya maji, na mpaka ukaenea mviringo, umetulia. "Mmeona? Kizito kikisukuma chepesi, hakuna fujo. Ndiyo maana nataka muwe watu wazito." Halafu akasema kwamba jiwe lenye matundu si kitu kingine ila vioo kama hivi, vimerundikwa kwa maelfu, taa ikazimwa.

Nimelitaja jiwe kwa sababu kijiji chetu kimekaa juu yake. Chini ya udongo wetu mwembamba kuna jiwe la matumbawe, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha hupenya mle, ikakaa juu ya maji ya bahari ambayo nayo yamepenya kutoka ufuoni. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Ya mvua ni mepesi, huelea juu yake. Hapana ukuta baina yao. Kisima cha msikiti wetu kilichimbwa na watu waliokufa kabla ya babu zetu kuzaliwa, nao walikifikisha kwenye maji ya juu wakasimama hapo. Kilikuwa sabili, maana yake maji yaliyotolewa kwa ajili ya Mungu: kila anayepita, awe wa dini gani, huteka na haulizwi.

Agosti ya mwaka tisini na saba vurugu zilianzia Likoni zikateremka pwani ya kusini. Vikaratasi vilikuwa vimekwisha kusambazwa vikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Wenzake Mwalimu wa kanisani walikuwa wakipanda magari na magodoro yao. Mama yangu alitoka mchana kweupe, akaenda kwake, akamvisha mkewe buibui lake mwenyewe. Imamu wetu akamshika Mwalimu mkono, kwa namna marafiki wawili wanavyoshikana wakitoka sokoni, wakatembea polepole njia nzima mbele ya macho ya watu. Wakaingia kwetu. Mwalimu na mkewe walikaa chumba cha ndani siku kadhaa.

Mwalimu aliyekuwa akipaza sauti kuvuka uwanja alijifunza mle ndani kunong'ona. Aliitengeneza redio yetu. Alikula tulichokula. Usiku mmoja vijana walipita chini ya dirisha wakiimba matusi kwa lugha yetu wenyewe, na asubuhi yake hapana aliyelitaja jambo hilo. Mama alileta uji, Mwalimu akausifu uji. Hali ilipotulia walirudi kwao, na shule ikafunguliwa, na sauti yake darasani ikarudi karibu kama zamani. Lakini nje ya darasa adabu yake ilikuwa imebadilika. Zamani alikuwa mpole. Sasa alikuwa mpole kama mtu aliyebeba tungi la mtu mwingine.

Alitaka kulipa fadhila. Hakulisema, ila lilionekana. Hoteli nyingi zilikuwa zimekosa wageni, na moja kule Galu ilipofunga alikwenda kumwomba msimamizi wake mashine ya zamani ya kuvutia maji. Alipewa. Aliifungua kipande kipande, akaisafisha, akaifunga kisimani kwa mikono yake mwenyewe, na mpira wa maji ukapanda mpaka kwenye tangi na mabomba. Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimekijaza kisima kwa namna ambayo wazee hawakupata kuiona. Siku ya kuifungulia, kina mama walipiga vigelegele. Mama yangu alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena, akacheka kama msichana.

Mwalimu aliombwa aseme neno. Alijua la kusema. Alijua kwamba ukivuta maji juu kwa nguvu na kwa muda mrefu mahali pamoja, maji ya chumvi yaliyo chini hunyanyuka kuelekea kwenye mdomo wa mpira, yakavimba kama kichuguu, na yakizidishiwa hupasua mpaka. Alijua kuwa ni lazima mashine ivute kidogo asubuhi, kidogo alasiri, kisha iachwe hadi mpaka wa maji utulie. Lakini alisimama mbele ya watu waliomficha, kwenye kisima chao cha sabili, yeye mtu wa bara, miezi michache tu baada ya vile vikaratasi, na sheria aliyoitoa ilikuwa hivi:

"Wazee wangu, ingependeza, kama itawezekana, na bila ya kumwudhi mtu, mashine iwe inapumzishwa kidogo."

"Inshallah, Mwalimu, itapumzishwa," Imamu alimjibu kwa furaha.

Nao walitimiza, kwa jinsi walivyofahamu. Walidhani mashine inapata joto. Kwa hiyo mtu mmoja alileta gunia, likaloweshwa, likafunikwa juu ya mashine, na kila lilipokauka likaloweshwa tena. Kwa huruma ile mashine haikuhitaji tena kupumzika. Ilinguruma tangu alfajiri hadi magharibi. Watu walikuja na mitungi kutoka vijiji vya mbali, na hapana aliyewafungia bomba, kwa kuwa ni nani atakayefunga maji ya Mungu?

Mwalimu alipita pale kila siku akitoka shule. Siku ya kwanza alipoliona gunia alisimama ghafla.

"Tunampoza mgonjwa wako, Mwalimu," yule aliyelilowesha alimwambia. "Hachoki tena, huyu."

Niliuona uso wa Mwalimu. Kitu kilipanda mpaka midomoni mwake, kikakaa pale. Kisha alicheka pamoja nao, akasema, "Mmemtunza vizuri," akaendelea na safari yake. Wiki ile, darasani, aliporudia somo la mpaka, nilinyoosha mkono nikamwuliza, "Mwalimu, na kisima chetu?" Alinitazama kwa muda. "Tutarudi hapo," alisema, akafuta ubao wote, hata sehemu zisizokuwa na maandishi. Hatukurudi.

Ukame ulipofuata, Imamu ndiye aliyeonja kwanza, alipokuwa akisukutua kwa udhu. Hakusema. Aliyefuata akaonja, hakusema. Baada ya muda kila mtu alijua na hapana aliyetamka. Walizima mashine, wakasubiri maji ya chumvi yashuke, lakini jiwe lenye matundu halirudishi kitu kama ndoo irudishavyo. Chumvi ilishuka kwa vidole, ikang'ang'ania vitundu, ikachanganyika na maji machache mazuri yaliyobaki. Mchicha wa Mama karibu na kisima ulipiga kahawia pembeni za majani, ukafa. Akaanza kuteka maji kisima cha juu, kilicho mbali na bahari, mwendo mrefu, tungi begani, na bega lile halijapona mpaka leo.

Siku moja barazani kijana mmoja alifungua kinywa: "Kusema kweli, yule mbara—"

Imamu alimkata hapo hapo. "Atakayeimaliza sentensi hiyo ajue imeandikwa kwenye vikaratasi tulivyovichoma."

Kijana akanyamaza, na kijiji kikanyamaza naye. Ulikuwa ukimya wa watu wema. Walikuwa na haya ya mwaka uliopita, na wakaapa kwamba neno baya halitamfikia tena Mwalimu kutoka kwao. Kumlaumu jirani kwa kosa lake ni jambo la kawaida, watu hulaumiana wakapatana. Lakini yeye walimwondolea hata hilo.

Alijaribu kulichukua kosa mwenyewe. Nilikuwa barazani kwetu na Mama, mkabala na msikiti, alipowafuata wazee baada ya sala ya alasiri.

"Shikamooni, wazee wangu. Nimekuja kwa jambo la kisima. Mimi nili—"

"Marahaba, Mwalimu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, ahsanteni. Jambo lenyewe, ile mashine, mimi nili—"

"Mashine uliileta kwa nia njema," Imamu alisema, "na nia ndiyo itazamwayo. Maji ni ya Mwenyezi Mungu. Akitaka huyapa utamu, akitaka huyatia chumvi."

"Ni kweli, mzee wangu, lakini mimi nili—"

"Kaa, Mwalimu. Msogezeeni mwenzenu."

Wakamsogezea. Akakaa. Wakamwuliza habari za mitihani.

Baada ya hapo alianza kubeba maji. Alifunga madumu kwenye baiskeli na kwenda kisima cha juu kabla ya shule, akayagawa kwa wazee wasiojiweza. Ilikuwa fedheha kwetu kumwona mwalimu akitoka jasho kwa madumu, na watu walimkimbilia njiani kumpokonya. "Mwalimu, tuonee huruma," mwanamke mmoja alimwambia, "watu watasema hatuna watoto." Mwalimu alishikilia usukani, mwanamke akashikilia dumu, wakavutana kwa heshima kubwa mpaka dumu likapasuka na maji yote yakazama mchangani. Walisimama wakiyatazama. Hata wakati ule, naapa, Mwalimu aliinama kuangalia namna ukingo wa unyevu ulivyokuwa ukienda.

Na kuna ile chai. Alipotutembelea, Mama alimpikia yake kwa maji ya kisima cha juu, na sisi tukapikiwa kwa maji ya pale pale, yametiwa tangawizi na sukari kuficha chumvi. Hakuwa akijua. Siku moja, katika mazungumzo, alichukua kikombe changu akidhani ni chake. Nilitaka kusema nikachelewa. Alikunywa funda moja. Alikitazama kikombe, akamtazama Mama, akatazama kikombe kilichokuwa mbele yake, akaelewa yote. Kisha akainywa chai ile mpaka tone la mwisho, akakiweka kikombe taratibu.

"Chai nzuri, Mama Saumu."

"Ahsante, Mwalimu."

Sijapata kuona watu wawili wakidanganyana kwa adabu namna ile. Nilitoka nje nikajifanya namfukuza kuku. Muhula ule ulipomalizika alihamia Mackinnon Road, kwa maombi yake mwenyewe, na alihama wakati wa likizo, wanafunzi hatupo.

Nimesoma, nimefundisha, nimeona mahali pengi penye visima vilivyoharibika. Ninapofikiri juu yake, si ujinga wake unaonijia, maana hakuwa nao. Kisima kile kiliharibiwa na tahadhari: yake ya kutotaka kuonekana akiwanyima wenyeji maji, na yetu ya kutotaka kumwonyesha mgeni kwamba amekosea. Na tulipomwambia hakuna kosa, tulidhani tunamsamehe. Pasipo kosa hapana msamaha. Tulimfungia nje.

Miaka michache iliyopita niliambiwa na mwenzetu wa zamani kwamba Mwalimu amestaafu na yuko huko huko Mackinnon Road, nyuma ya maduka ya barabarani. Nilikuwa nikitoka Nairobi, nikateremka. Nilimkuta amekaa uani kwake, amekonda, malori yakinguruma nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti. Hakuuliza nimesomea nini wala nina watoto wangapi. "Kisima kikoje, Saumu?"

Alhamdulillahi ilikuwa imekwisha kufika ulimini mwangu. Niliimeza.

"Kina chumvi, Mwalimu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Na si chetu peke yake. Toka Diani mpaka kwetu kila kiwanja kina mashine sasa, visima vingi vimeharibika. Hata bila ya wewe kingeharibika tu."

"Hiyo ya mwisho irudishe," alisema. "Usinipe hiyo."

Mkewe alichungulia, akatuacha.

"Nilijaribu kuwaambia wazee," akasema. "Hawakuniachia."

"Nilikuwako. Nilijua ulichotaka kusema."

"Tangu lini?"

"Tangu darasani, uliposema tutarudi hapo."

Alifumba macho. Nilidhani nimemwumiza kupita kiasi, nikaanza kutafuta neno la kumsitiri, kama nilivyofunzwa. Alinitangulia. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kwamba nilijua?"

"Hajui. Anasema maji ni ya Mungu."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi. Mkewe alisimama mlangoni. "Unakwenda wapi na jua hili, baba?"

"Kwa Mama Saumu."

Alimtazama kitambo. "Usirudi hujamaliza," alimwambia.

Tulifika kwetu jioni, na Mama alipomwona alinyanyuka kwa kujishika ukutani, uso wake wote ukafunguka. "Mwalimu! Ni wewe mwenyewe? Karibu, karibu, kaa."

"Nitasema nikiwa nimesimama, Mama Saumu."

"Mtu mzima hasimami mlangoni mwangu."

"Leo niache."

Akaanza habari za kisima, na Mama, kwa ule wepesi ninaoujua, akanyanyua mkono. "Ah, Mwalimu, hayo yamepita, wala hakuna—"

"Mama," nikasema, "mwache amalize."

Sikuwa nimepata kumkata maneno mbele ya mgeni. Alinigeukia, kisha akaushusha mkono.

"Nilijua," Mwalimu alisema. "Nilijua maji ya bahari yako chini, na kwamba tukivuta kutwa yatapanda. Nililiona lile gunia. Nilipita pale kila siku nikawaamkia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kwa nini hukutwambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mashine?"

"Niliogopa mtasema, mbara anatukataza maji yetu."

Mama alikaa chini polepole. "Nani angesema? Nitajie. Mimi? Imamu, Mungu amrehemu, aliyekushika mkono njiani watu wakitazama?"

"Hapana."

"Basi ulimwogopa nani, Mwalimu? Ulilala ndani mwangu. Nilidhani umetoka mle ukiwa ndugu yangu. Kumbe ulitoka ukituogopa." Alilishika bega lake. "La maji nimekwisha kulibeba, limenizoea. Hili la leo ndilo sikuwa nalo."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshika mwimo wa mlango. Mimi nilitazama sakafu, na haya iliyokuwa ikinifuata miaka yote ilikuja ikasimama kati yetu sote watatu, kwa sababu woga ule haukuwa wa bure, na Mama alijua hivyo kuliko mimi.

"Wale waliopita dirishani usiku ule," Mama alisema, sauti imeshuka. "Uliwasikia."

"Niliwasikia."

"Mmoja ulimtambua sauti."

"Nilimfundisha," alisema Mwalimu.

Mama alijifunika uso kwa leso, akakaa hivyo. Tulisikia watoto wa jirani wakigombana nje, wakaitwa, wakaondoka.

"Niwie radhi, Mama Saumu," Mwalimu akasema.

Nilingojea lile jibu letu, lile la hakuna kosa. Mama aliishusha leso, akamtazama usoni.

"Nimekuwia radhi," alisema. "Nawe utuwie sisi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akauachia mlango, akaingia, akaketi.